Mwenye Fataki Wakati wa Ukosefu: Auze ao Asiuze?



Je, mtu aliye na kitu ambacho wengine wanakitafuta na hawakipati, analazimishwa kukiuza? Na akikiuza, achukue bei gani, na amuuzie nani? Swali hili ni la zamani sawa na soko lenyewe, na watu wengi wanalijibu upesi kwa sababu wanafikiri chumvi, unga ao mafuta ya gari. Lakini mwaka 2021 lilinifikia kwa njia nyingine, tena likihusu kitu kisicho chakula wala dawa. Lilihusu fataki za kujazia masasi ya bunduki. Tangu siku hizo ndugu wawili watatu wa paruasi wamekuwa wakiniambia, «Shemasi, andika jambo lile.» Basi naandika.

Aliyeuliza ni mdogo wetu mmoja, ambaye jina lake nalificha. Alizaliwa upande wa Fizi. Vita vya mwaka 1996 vilimvusha ziwa akiwa mtoto, akakomaa katika kambi ya Nyarugusu, kule Kigoma nchini Tanzania, na kutoka kambini akapelekwa Marekani, katika jimbo la Idaho, ambako Wakongomani wengi wamepokelewa, hasa mji wa Boise. Mama yake alirudi Kongo na kukaa kwa binti yake hapa Lubumbashi. Ni mama wa paruasi yetu, mnamjua wengi wenu kwa sauti yake kwenye nyimbo.

Wengine watauliza kwa nini gazeti la kanisa liongee mambo ya masasi. Kanisa letu linakataa kumwaga damu ya mtu, na hilo halibadiliki. Lakini katika vijiji vyetu kuna waumini wenye gobori, wanaoleta nyama ya pori na kusomesha watoto kwa hiyo, na hakuna aliyewahi kuwaondoa katika viti vyao kwa sababu ya kuwinda. Mdogo wetu naye ni muwindaji. Kule Idaho kuna mnyama anayeitwa elk, wa jamii ya paa, lakini dume lake linaweza kufika kilo mia tatu. Serikali inatoa ruhusa kwa kulipa, inapanga majira, na anayeua na kuacha nyama ioze anahukumiwa. Mzee mmoja jirani, mzungu, alimfundisha kazi hiyo, na familia inakula nyama hiyo kipindi chote cha baridi.

Sasa lazima nieleze jambo lenyewe, kwa maana bila kulielewa swali halitaonekana. Risasi nzima ya bunduki ina vitu vinne. Kuna ganda, la shaba iliyochanganywa na zinki, na sisi watu wa karibu na Kipushi hatuna haja ya kuelezwa madini hayo. Kuna kichwa, ambacho ndicho kinachoruka. Kuna baruti ndani ya ganda. Na kuna fataki, kikombe kidogo sana chini ya ganda, kisichofika hata upana wa nusu ya ukucha, chenye dawa inayolipuka ikipigwa na nyundo ya bunduki. Ganda likiisha kutumiwa linabaki zima. Muwindaji mwenye vyombo vyake anaweza kuliokota, kulisafisha, kulitia fataki mpya, baruti mpya na kichwa kipya, na anafanya hivyo mara nyingi kwa ganda lile lile. Kichwa mtu anaweza kukisubu mwenyewe nyumbani kwa risasi ya kuyeyusha. Lakini fataki hawezi kuitengeneza, kwa sababu dawa yake ni ya hatari na inataka kiwanda. Fataki ikikosekana, vile vingine vyote vinalala. Wawindaji wetu wa gobori wanalijua hilo, ndiyo maana wengine wamefikia kutumia vichwa vya viberiti.

Marekani kuna viwanda vichache tu vikubwa vya fataki, na kimoja kiko huko huko Idaho, mji wa Lewiston. Mwaka 2020 ukaja na mambo matatu pamoja. Ugonjwa wa korona ulianza kufunga nchi mwezi wa tatu. Mwezi wa tano polisi walimuua George Floyd, na miji ikawaka. Mwezi wa kumi na moja ulikuwa wa uchaguzi. Watu wakaogopa, na Wamarekani wakiogopa wananunua bunduki: mwaka ule mmoja ofisi ya serikali inayochunguza wanunuzi ilipokea maombi karibu milioni 39 na laki saba. Mwezi wa saba, kampuni ya Remington, iliyokuwa mmoja wa watengenezaji wa fataki, ikaenda mahakamani kwa kufilisika. Viwanda vilivyobaki vikatia fataki zao kwanza katika risasi zilizokamilika, kwa hiyo zile za kuuzwa peke yake zikapotea madukani. Haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa vile vile baada ya uchaguzi wa mwaka 2008, na tena mwaka 2013, baada ya watoto 20 na watu wakubwa 6 kuuawa katika shule ya Sandy Hook mwezi wa kumi na mbili 2012. Kila mara hofu inamfanya mtu anunue mara kumi ya haja yake, na kununua kwake kunamtia hofu jirani. Sisi tumeliona hilo kwenye mistari ya mafuta ya gari: tetesi tu ya kwamba petroli itakosekana inatosha kuikosesha kabla ya saa sita.

Kabla ya hapo karto ya fataki elfu moja ilikuwa kama dola 30 ao 40. Mwaka 2021, kati ya mtu na mtu, ilipita 100, na wengine wakaomba hata 200.

Mdogo wetu alikuwa na karto kumi na nne. Namna gani? Mwaka 2019 jirani mwingine alikufa, na mjane wake hakutaka vitu hivyo vibaki nyumbani, akamuuzia zote kwa dola 32 kila moja, jumla dola 448. Yeye mwenyewe, kwa kuwinda na kujaribu bunduki, hatumii zaidi ya fataki sitini kwa mwaka. Nilipiga hesabu: fataki elfu kumi na nne zingemtosha miaka mia mbili na zaidi. Hata Nuhu, aliyeanza safina mzee, asingehitaji akiba kubwa namna hiyo.

Hapo watu wakaanza kugonga mlango. Wa kwanza ni yule mzee aliyemfundisha kuwinda: aliomba fataki mia mbili tu, akasema atalipa bei yoyote. Wa pili ni kijana Mkongomani wa jamii ya waumini kule kule, aliyenunua bastola mwaka 2020 kwa hofu ya mambo ya mji, naye alitaka elfu nzima. Wa tatu hakusema jina. Alipiga telefone, akatoa dola 180 kwa kila karto, zote kumi na nne, feza mkononi, wakutane jioni kwenye uwanja wa kuegesha magari, wala asiulizwe zinaenda wapi.

Kumi na nne mara 180 ni dola 2,520. Na juma lile lile, hapa Lubumbashi, mama yake alikuwa ameambiwa kwamba ana mawe katika kifuko cha nyongo, lazima apasuliwe, na hospitali iliomba, pamoja na vipimo na dawa, dola 2,400.

Mnaona basi, ndugu zangu, kwa nini hakulala. Aliniandikia: «Baba Shemasi, ni kama mtu ameitengeneza hesabu hii makusudi. Niuze?»

Tuanze na bei, kwa maana huko ndiko watu wanakimbilia. Wengi katika paruasi, niliposimulia jambo hili bila jina, walisema kuuza kwa dola 180 kitu ulichonunua 32 ni wizi. Mimi sikubali upesi hivyo. Sisi tulio na miaka arobaini na zaidi tunakumbuka miaka ya 1993 na 1994. Mwezi wa kumi 1993 serikali ya Zaïre ilileta feza mpya, na zaïre milioni tatu za zamani zikawa zaïre moja mpya, lakini bei haikusimama. Mama muuza chumvi alibadilisha bei asubuhi, akabadilisha tena mchana. Tulimtukana. Lakini kama angeuza kwa bei ya jana, kesho asingeweza kununua gunia lingine, na sote tungekula bila chumvi. Bei yake ilipanda kwa sababu ilimpasa kurudi depo.

Mdogo wetu harudi depo. Ana akiba ya miaka mia mbili. Kwa hiyo hawezi kujificha nyuma ya mama muuza chumvi.

Kuna wengine wanaosema neno la busara zaidi, na ni haki kulisikiliza. Wanasema bei ya juu inavitoa vitu mafichoni, tena inamzuia mtu mmoja asibebe vyote. Ni kweli kwa sehemu. Kama mdogo wetu angetangaza fataki zake kwa dola 32, nani angefika wa kwanza? Asingekuwa mzee wa elk, ambaye anasikia habari jumapili tu. Angekuwa mlanguzi mwenye telefone tatu, angebeba zote na kuziuza 200 kesho yake. Wema wa namna hiyo ungekuwa zawadi kwa mlanguzi, na wawindaji wasingeona kitu. Nawaambia hivyo kwa sababu kati yetu kuna wanaofikiri bei ndogo inamfanya mtu kuwa mwenye haki. Bei ndogo kwa mtu usiyemjua inaweza kuwa uvivu tu.

Na katika mahubiri tunapenda kumtaja Yosefu, aliyeweka ngano miaka saba ya shibe na kufungua ghala wakati wa njaa. Wahubiri wanaishia pale ghala linapofunguliwa. Endeleeni kusoma, ndugu. Yosefu aliuza ngano ile. Kwanza watu walitoa feza zao, halafu wanyama wao, halafu mashamba yao, mwisho wakajitoa wenyewe kuwa watumwa wa Farao. Yosefu aliokoa maisha yao, ndiyo, lakini sijui kama tunaweza kumtoa yeye kuwa mfano wa bei.

Hata hivyo bei peke yake haimalizi swali hili. Ukiuza chumvi, huna lazima ya kuuliza itatiwa katika chungu gani. Tajiri na maskini wanaitumia namna moja. Ukosefu wa chumvi unaleta swali moja tu: nani atapata na nani atakosa. Fataki inaleta swali la pili, nalo linakuwapo hata wakati wa wingi, lakini wakati wa wingi duka ndilo linalolibeba. Wakati wa ukosefu duka ni tupu, na mwenye karto kumi na nne anakuwa duka bila kutaka. Sheria ya Marekani yenyewe inalijua jambo hili: inapoeleza maana ya risasi za bunduki, inahesabu fataki, na ganda, na kichwa, na baruti, hata kama havijaunganishwa. Na inasema ni kosa kumuuzia mtu ukijua, ao ukiwa na sababu ya kuamini, kwamba amekatazwa kuwa navyo, mfano mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa. Mtu anayetaka kukutana jioni na hataki kuulizwa, anakupa sababu ya kuamini ao hakupi? Wanasheria wabishane. Mimi nasema mtu yule anakulipa mara mbili: sehemu moja ya feza ni ya fataki, na sehemu nyingine ni ya kunyamaza kwako.

Pengine alikuwa mlanguzi tu. Nadhani hivyo, kusema kweli. Walanguzi walikuwa wengi kuliko wauaji mwaka ule. Lakini mlanguzi naye anauza, na yeye hatauliza hata kidogo, kwa maana amelipa 180 na anataka 220.

Ndugu mmoja mwalimu alinijibu: «Shemasi, asipouza yeye, mwingine atauza. Fataki zinatengenezwa kwa mamilioni. Hizo elfu kumi na nne ni tone katika ziwa.» Neno hilo ni la zamani sana katika nchi yetu. Mwami Msiri wa Bunkeya alijenga nguvu zake kwa bunduki na baruti, zilizoletwa na misafara ya Bihé kutoka upande wa Angola, na nyingine kutoka pwani ya mashariki. Alilipa kwa shaba, kwa pembe za tembo, na kwa watu. Kila mwenye msafara angeweza kusema kwamba yeye ameleta mizigo michache tu, na kwamba asipoleta yeye, wa pwani wataleta. Ilikuwa kweli kwa kila mmoja wao, na jumla yake tunaijua. Hata wazungu walipokutana Brussels mwaka 1890 kuzuia bunduki katika Afrika, walifunga njia kwa bunduki nzuri na baruti nzuri, na kuacha nafasi kwa gobori za jiwe na baruti ya biashara. Walisema ni kwa ajili ya kukomesha utumwa, na mwaka uliofuata, tarehe 20 mwezi wa kumi na mbili 1891, Msiri aliuawa kwa bunduki nzuri. Naliandika hili kando tu, kwa wale wanaofikiri kuchagua wa kumuuzia ni jambo la juzi.

Sisi wa mashariki na wa Katanga tumekaa miaka mingi tukiokota maganda barabarani. Hakuna ganda lililoandikwa jina la aliyeliuza. Mdogo wetu mwenyewe alivushwa ziwa na masasi ya namna hiyo. Kwa hiyo nilipomwandikia kwamba yeye hana lazima ya kujibu kwa ajili ya fataki zote za Marekani, ila kwa ajili ya zile zinazotoka katika garaji yake, alinielewa kabla sijamaliza.

Nilimshauri hivi. Asizifungie zote, maana kuweka akiba ya miaka mia mbili huku jirani anakosa ya mwaka mmoja ni ubaya mwenyewe, hata kama hauonekani. Abaki na zake za kutosha. Zinazobaki auze, lakini kwa watu anaowajua uso na kazi, kidogo kidogo. Mzee apewe mia mbili zake kwa bei ile ya mjane, na wawindaji wengine wa nyama kadhalika, kwa mia moja moja, kwa maana muwindaji wa elk hatumii zaidi ya hapo kwa miaka miwili mitatu. Yule wa jioni, hapana.

Na mama?

Hapo kalamu yangu ilisimama. Nilienda kumtazama. Alikuwa amelala kwa binti yake, amekunja magoti kwa maumivu, na habari zote alikuwa nazo tayari, kwa maana telefone siku hizi haifichi kitu. Nikamweleza mawazo yangu kwa heshima, kama nilivyowaeleza ninyi. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema: «Shemasi, weye uko unafikiri na tumbo lenye haliume. Mutoto auzishe.»

Nimewahi kusikia mahubiri ambamo mama wa namna hiyo anainuka na kusema heri afe kuliko kupokea feza chafu. Mama huyu hakusema hivyo, na mimi sitamwekea maneno mdomoni. Aliumwa usiku na mchana, na alizaa mtoto yule, akambeba mgongoni mpaka ng'ambo ya ziwa. Haki yake juu ya mtoto ni kubwa kuliko haki ya wawindaji wote wa Idaho. Nani kati yetu atasema kwamba mzee wa elk, mwenye pensheni na friji, apate fataki kwa dola tatu na senti ishirini kila mia, huku mama anakunja magoti?

Jibu langu kwake lilikuwa dhaifu wakati ule, lakini niliendelea kulichimba, na ndilo lililobadilisha sehemu ya ushauri. Haja ya mama inaweza kuongeza bei. Haiwezi kufuta swali la mnunuzi ni nani. Ni mambo mawili, na sisi tulikuwa tumeyafunga katika mzigo mmoja, kwa sababu yule wa jioni aliyaleta pamoja: bei kubwa na uso uliofichwa. Je, hakuna mtu anayeonekana uso na anayeweza kulipa vizuri? Nikamwandikia tena kumuuliza hilo. Akakumbuka kwamba katika mji wao kuna klabu ya watu wanaoshindana kulenga shabaha. Hao wanatumia mamia ya fataki kwa siku moja, majina yao yameandikwa, kiongozi wao anawajua kwa miaka, na ni watu wenye kazi nzuri. Kwao fataki ni mchezo. Nadhani kumlipisha mtu bei ya soko kwa ajili ya mchezo wake hakumwonei, kama vile hatuoni vibaya tiketi ya mpira kupanda siku ya Mazembe. Muwindaji wa nyama apewe kwa bei ya kununulia, mchezaji alipe ya soko. Wengine watasema ni upendeleo. Ndiyo, ni upendeleo, na muuzaji anayewajua watu wake anaruhusiwa kuwa nao.

Aliweka karto mbili. Moja aliigawa kwa mzee na wawindaji wengine, mia mbili na mia moja. Kumi na moja aliziuzia watu wa klabu, dola 100 kila moja, naye kiongozi aliandika nani kachukua ngapi. Yule wa jioni alipiga tena, akapandisha mpaka 200, akaambiwa hakuna. Basi, dola 1,100 zilifika, na zilikosekana 1,300. Watoto wengine wa mama walichanga, likelemba ya wamama ikampa zamu ambayo haikuwa yake, na paruasi ikatoa kidogo. Mambo hayo yote yalichukua majuma saba. Mama alipasuliwa, akapona. Lakini majuma saba aliyalipa kwa mwili wake mwenyewe, na kila tunapokutana mlangoni ananiuliza kama siku hizi tumbo langu haliumi bado. Ana haki ya kuuliza.

Kuhusu mjane aliyeuza kwa 32, wengine walisema arudishiwe sehemu ya faida. Kwa deni, hapana: mwaka 2019 hakuna aliyejua, na bei ilikuwa ya haki. Mdogo wetu alimpelekea nyama na dola mia moja zake mwenyewe, bila kueleza sana. Mjane akashangaa, akapokea.

Limebaki la yule kijana wa bastola, na hapa sikubaliani na mdogo wetu. Fataki za bastola na za bunduki ndefu si za aina moja, na katika karto zake zilikuwamo za aina zote mbili. Kijana alikuwa mtu wa jamii yetu, hana kosa lolote mahakamani, uso wake unajulikana hata kwa watoto. Alikuwa na hofu tu. Mdogo wetu alimnyima zote, akamwambia mtu mwenye hofu asiguse fataki. Mimi ningemuuzia mia moja, kwa sharti la kwenda naye kwenye uwanja wa shabaha mara tano sita, ajifunze kushika kitu kile bila kutetemeka. Hofu ya kijana haikupungua kwa kunyimwa. Alitafuta kwingine, akalipa bei kubwa kwa mtu asiyemuuliza neno, na tangu siku hiyo hawasalimiani. Mdogo wetu anasema heri hivyo kuliko kuota usiku. Nimemwambia kwamba alichagua usingizi wake. Bado tunabishana juu ya hilo katika telefone.

Kuanzia mwaka 2023 fataki zilirudi madukani, ingawa si kwa bei ya zamani. Lakini tangu vita vya Ukraine vilivyopanuka mwaka 2022, viwanda vya dunia vinavuta baruti kwa ajili ya mizinga, na baruti ya wawindaji nayo ikapanda na kuwa adimu. Mdogo wetu ameniandikia tena: ana kopo moja, limefika nusu, aliuze? Analitumia yeye mwenyewe kila mwaka. Hapo sikuona swali, nikamjibu kwa mistari miwili.